Kufungua injini ya bodaboda nyumbani: Kazi ya subira, usafi na vipimo

WAKAZI wa Dagoretti, magharibi mwa jiji la Nairobi, wamezoea kuona injini ya pikipiki ikiwa imetandazwa vipande vipande juu ya gunia. Kuanzia Dagoretti Corner kwenye Barabara ya Ngong hadi Kawangware, Riruta, Kabiria, Waithaka na Mutuini, kazi hiyo hufanyika chini ya mti, kando ya kibanda na hata katika ua wa nyumba za kupanga. Baadhi ya injini hizo hurudi barabarani zikiwa na nguvu mpya. Nyingine hufa tena kabla ya mwezi kwisha, na mwenye pikipiki hujikuta na hasara mara mbili.

Tofauti kati ya matokeo hayo mawili haitokani na bahati. Hutokana na mambo matatu ambayo fundi yeyote makini huyafahamu: kuijua asili ya ugonjwa kabla ya kushika spana, kupima kila kipande badala ya kukikadiria kwa macho, na kuilinda injini dhidi ya vumbi tangu inapofunguliwa hadi inapofungwa.

Suala hili linawahusu watu wengi. Usafiri wa bodaboda, ambao ulianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, ulipanuka kwa kasi baada ya serikali ya Kenya kuondoa kodi ya VAT mwaka 2008 kwa pikipiki zenye injini ndogo. Mwaka 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa nchini hazikufika 5,000. Kufikia mwaka 2011 idadi ya zilizosajiliwa kwa mwaka mmoja ilikuwa imepita 140,000. Nyingi zilinunuliwa kwa mkopo, na mkopo hausimami injini inapozimika. Kila siku ambayo pikipiki inalala ni siku ambayo mhudumu halipwi ilhali deni linaendelea.

ISHARA ZA INJINI ILIYOCHOKA

Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya silinda moja yenye mikondo minne, mtindo ambao Mjerumani Nikolaus Otto aliufanikisha mwaka 1876. Pistoni huvuta hewa na petroli, huishindilia, hupokea nguvu ya mlipuko, kisha husukuma moshi nje. Katika Bajaj Boxer ya 150, kwa mfano, silinda ina upana wa milimita 56 na pistoni husafiri milimita 58.8, hivyo ujazo wake ni sentimita za ujazo 144.8. Injini hiyo inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 100 katika kila sekunde. Kinachoitenganisha na ukuta wa silinda ni utando mwembamba wa oili peke yake.

Utando huo unaposhindwa kufanya kazi yake, injini huanza kulalamika. Ishara ya kwanza ni kupungua kwa nguvu: pikipiki iliyokuwa ikipanda mlima na abiria bila shida sasa hudai gia ya chini. Ya pili ni oili kupungua ingawa hakuna tone linaloonekana chini. Ya tatu ni moshi.

Rangi ya moshi husema mengi. Moshi mweusi huashiria petroli nyingi kupita kiasi, na mara nyingi tiba yake ni kusafisha kichujio cha hewa au kurekebisha kabureta. Moshi wa samawati huashiria kwamba oili inaungua. Hata hivyo, si kila moshi wa samawati unaodai injini ifunguliwe yote. Ukitoka kwa wingi wakati pikipiki inapowashwa asubuhi, au inapoongezwa moto baada ya kuteremka mlima, mshukiwa mkuu ni mipira ya kuzuia oili kwenye vali. Ukitoka mfululizo wakati injini inavuta mzigo, basi ringi za pistoni au silinda yenyewe ndizo zimelika.

Sauti nazo hazidanganyi. Mlio mwepesi wa kugongagonga juu ya injini huenda ukatokana na vali zilizolegea, jambo linalorekebishwa kwa dakika chache. Mgongo mzito kutoka chini, unaozidi injini inapolemewa, huashiria kulika kwa beringi ya konrodi, na hilo ni jambo la uzito mwingine kabisa.

KUPIMA KABLA YA KUFUNGUA

Fundi mwangalifu hafungui injini kabla ya kupima mgandamizo wake. Plagi hutolewa, kipimo cha mgandamizo hufungwa mahali pake, kisha injini iliyopata joto hupigwa kiki mara kadhaa huku akselereta ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Akselereta ikisahauliwa imefungwa, hewa haiingii ya kutosha na injini nzima itahukumiwa kuwa mbovu kwa kosa lisilo lake.

Hapa Dagoretti ina jambo lake la kipekee. Eneo hilo, ambako pia ndiko yaliko makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga, lipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban moja kwa tano likilinganishwa na la Mombasa. Kwa sababu hiyo, injini nzima kabisa ambayo ingesoma 10 kwenye kipimo ikiwa Mombasa itasoma karibu 8 ikiwa Riruta. Fundi anayefuata kitabu cha mtengenezaji bila kuzingatia kimo anaweza kumshauri mteja kugharamika kwa ugonjwa usiokuwepo.

Kipimo kikionyesha upungufu wa kweli, kuna jaribio la pili. Kijiko kidogo cha oili humiminwa kupitia tundu la plagi na mgandamizo hupimwa tena. Ukipanda kwa kiasi kikubwa, oili imeziba mwanya kati ya ringi na silinda. Hivyo ugonjwa uko hapo. Usipopanda, hewa inatorokea juu, kupitia vali au gasketi ya kichwa cha silinda. Jaribio hilo huweza kumwokolea mwenye pikipiki gharama ya pistoni na silinda mpya ilhali alichohitaji ni kusaga vali tu.

MAHALI NA ZANA

Kazi hii inaweza kufanyika nyumbani, lakini si mahali popote. Barabara nyingi za ndani katika Dagoretti bado ni za udongo na changarawe, na upepo wa Januari na Februari hubeba vumbi hadi ndani ya nyumba. Punje moja ya mchanga ikibaki ndani ya silinda itachora mistari kwenye ukuta wake katika siku ya kwanza ya safari. Kwa hivyo pikipiki huoshwa kwanza, hasa maeneo ya injini, na kazi hufanyika ndani ya chumba au nyuma ya ukuta, juu ya meza au kitambaa safi.

Zana za lazima ni spana za soketi za ukubwa unaofaa, bisibisi zisizochakaa, koleo la klipu, kifaa cha kuvutia magneti, bamba za kupimia mianya na spana ya kupimia nguvu. Zana hiyo ya mwisho ndiyo hukosekana zaidi, na kukosekana kwake huwagharimu wengi. Mwili wa injini hizi ni wa alumini, na bolti ya chuma ikikazwa kwa nguvu za mkono peke yake huweza kung'oa hesi zote. Ikikazwa kidogo mno, gasketi huvuja. Mafundi kadhaa wanaofanya kazi jirani wanaweza kuchanga na kuinunua moja ya kutumiwa kwa zamu.

Aidha, vikopo au bahasha za kutosha huhitajika ili bolti za kila sehemu ziwekwe pekee. Bolti za jalada la klachi, kwa mfano, hazilingani urefu, na ndefu ikiingizwa mahali pa fupi hupasua mwili wa injini. Simu ya mkononi nayo imekuwa msaada mkubwa: picha inayopigwa kabla ya kila kipande kutolewa huondoa ubishi wakati wa kufunga.

KUFUNGUA

Oili humwagwa kwanza ikiwa vuguvugu, kwani hapo hubeba uchafu mwingi zaidi. Fundi huichunguza kwa mwangaza. Vumbi laini la kijivu ni kawaida ya kulika kwa umri. Vipande vya chuma vinavyometameta ni onyo kwamba beringi au gia imevunjika na kazi haitaishia kwenye silinda.

Kisha injini huzungushwa hadi alama ya T kwenye magneti ilingane na alama ya mwili wa injini, huku vali zote mbili zikiwa zimefungwa. Hapo pistoni iko juu kabisa mwishoni mwa mkondo wa kushindilia. Nafasi hiyo ndiyo msingi wa kazi nzima, kwa kuwa ndiyo itakayotumiwa kurudisha cheni ya taimingi. Picha hupigwa, kikaza cheni hutolewa, kisha gia ya kemshafti huondolewa huku cheni ikifungwa kwa waya ili isitumbukie chini.

Bolti za kichwa cha silinda hulegezwa kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba, si moja kwa moja hadi mwisho, kwani kichwa huweza kupinda. Kichwa kikishatoka, silinda hufuata. Kabla ya pistoni kutolewa, kitambaa safi huzibwa kwenye mdomo wa chini. Klipu ndogo inayoshika pini ya pistoni ikirukia ndani ya krenki, kazi ya saa mbili hugeuka kuwa ya siku mbili.

SILINDA HUPIMWA, HAIKADIRIWI

Makosa mengi hutokea hapa. Fundi huitazama silinda, huiona inang'aa na kuitangaza kuwa nzima. Kung'aa huko ndiko dalili ya ugonjwa. Silinda nzuri ina mikwaruzo miembamba iliyopishana kwa makusudi ili ishike oili. Ikiwa laini kama kioo, oili haishiki.

Silinda hulika zaidi karibu na juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, na hulika kwa umbo la yai. Kwa hivyo upana wake hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali kwa pande mbili. Kwa kawaida tofauti inayokaribia sehemu ya kumi ya milimita inatosha kuiondoa silinda kazini. Jicho haliwezi kuona kiasi hicho, na ndiyo maana silinda hupelekwa kwenye karakana za kukereza. Wengi huenda Barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji, ambayo wazee bado huiita kwa jina lake la zamani, Grogan, na ambayo kwa miongo mingi imekuwa kitovu cha vipuri na mafundi wa magari.

Silinda iliyolika inaweza kuchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo kwa kawaida huuzwa kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Kanuni ni kununua pistoni kwanza na kuipeleka pamoja na silinda, ili mkerezaji aipime na kuchonga kulingana nayo. Nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na silinda ni sehemu chache za mia za milimita, kiasi kisichofikia unene wa unywele wa binadamu. Ikizidi, pistoni itagongagonga. Ikipungua, itavimba kwa joto na kukwama barabarani, jambo linaloweza kumwangusha dereva na abiria wake.

Vali nazo hujaribiwa kwa kumimina petroli kidogo kwenye njia ya hewa na kungoja. Petroli ikipenya hadi upande wa pili, vali husagwa kwa dawa yake hadi zitengeneze duara la kijivu lisilokatika, kisha dawa yote huoshwa. Mipira ya vali haitumiwi mara ya pili.

VIPURI HALISI NA BANDIA

Kazi nzuri huweza kuharibiwa na kipuri kibaya. Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008 na kuunda shirika la kuitekeleza, lakini ringi na pistoni zenye maboksi yanayofanana na ya asili bado hupenya sokoni. Mnunuzi anaweza kujikinga kwa kununua kutoka kwa wakala anayetambuliwa, kudai risiti na kulinganisha uzito na alama za kipuri kipya na kilichotoka.

Kuna jaribio jepesi la ringi ambalo halihitaji imani kwa muuzaji. Ringi huingizwa ndani ya silinda, husawazishwa kwa kichwa cha pistoni, kisha mwanya kati ya ncha zake hupimwa. Kwa silinda ya milimita 56, mwanya wa takriban sehemu 15 hadi 30 za mia za milimita ni wa kawaida. Ukiwa mkubwa sana, ringi haifai. Ncha zikigusana, ringi itavunjika ikipata joto.

Tahadhari nyingine inahusu sheria. Nambari ya injini imepigwa kwenye mwili wa chini wa injini na kuandikwa katika kitabu cha umiliki. Anayeubadilisha mwili huo kwa uliotumika, hata kwa nia njema, hana budi kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Asipofanya hivyo anaweza kushukiwa kuwa na mali ya wizi, au kukwama siku atakapotaka kuuza.

KUFUNGA

Kila kipande huoshwa kwa mafuta ya taa, kisha silinda husuguliwa kwa sabuni na maji moto hadi kitambaa cheupe kitoke bila doa. Petroli peke yake haiondoi unga wa chuma ulioachwa na mashine ya kukereza. Silinda hukaushwa na kupakwa oili mara moja ili isishike kutu.

Ringi huvishwa kwa mpangilio wake, alama zikitazama juu, na mianya yake hutawanywa ili isipangane mstari mmoja. Pistoni ina mshale au maandishi yanayoonyesha upande wake. Ikigeuzwa, mashimo ya vali hayatalingana na vali. Klipu za pini huwa mpya kila mara. Gasketi huwa mpya vilevile.

Kichwa hukazwa kwa mtindo wa msalaba kwa awamu mbili au tatu, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Taimingi hurudishwa kwa alama zilezile. Kabla ya kupiga kiki, injini huzungushwa kwa mkono mara mbili kamili. Ikigoma mahali, isilazimishwe: huenda vali inagusa pistoni, na nguvu kidogo itaipinda. Mwisho, nafasi ya vali hurekebishwa injini ikiwa baridi. Katika injini ndogo nafasi hiyo huwa baina ya sehemu 5 na 10 za mia za milimita, na ya vali ya moshi aghalabu huwa kubwa kidogo kwa sababu hupata joto zaidi.

KUIZOESHA INJINI

Injini mpya huhitaji kuzoeshwa. Katika kilomita 1,000 za mwanzo haifai kulemewa na abiria wawili au mizigo mizito, wala kukimbizwa kwa kasi moja kwa muda mrefu. Wakati huohuo, kuiacha ikinguruma bila kwenda kwa saa nyingi, kama baadhi wanavyofanya, huzinyima ringi shinikizo la kuzikalisha vyema. Mwendo wa wastani wenye kupanda na kushuka ndio unaofaa. Oili ya kwanza hubadilishwa mapema, baada ya kilomita 500 au hata kabla, kwani huwa imejaa unga wa chuma.

Kichujio cha hewa nacho ni cha lazima. Wapo wanaokiondoa wakiamini kwamba pikipiki itavuta zaidi. Katika barabara za vumbi za Kabiria au Ngando, hatua hiyo hupeleka mchanga moja kwa moja kwenye silinda na kuua kazi yote iliyofanywa.

Oili iliyomwagwa isitupwe kwenye mtaro. Mto Motoine huanzia katika msitu wa Dagoretti na kupeleka maji yake hadi Bwawa la Nairobi, na vijito vya Kirichwa huanzia maeneo hayohayo. Kanuni za mazingira za mwaka 2006 zinaitambua oili chakavu kuwa taka hatari. Njia nyepesi ni kuihifadhi katika mtungi uliofungwa na kuwapelekea wakusanyaji wenye leseni.

MIPAKA YA KAZI YA NYUMBANI

Si kila kazi inayofaa kufanyiwa uani. Kubadilisha ringi, pistoni, gasketi na mipira ya vali kumo ndani ya uwezo wa mtu mwenye zana na subira. Kutenganisha krenki ili kubadilisha beringi ya konrodi ni jambo jingine: hudai mashine ya kushindilia na vipimo vya kuhakikisha kwamba krenki imenyooka. Krenki ikipotoka hata kidogo, injini hutetemeka na kujiharibu yenyewe.

Kwa vijana waliojifunza ufundi huu kwa kutazama, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu hadi la kwanza. Cheti hicho humfungulia fundi wa jua kali milango ya ajira na zabuni ambazo ujuzi usio na karatasi haufikii.

Pikipiki za umeme zimeanza kuonekana katika barabara za Nairobi, na huenda siku moja zikaipunguza kazi hii. Hadi wakati huo, familia nyingi za Dagoretti zitaendelea kutegemea pistoni moja inayopanda na kushuka ndani ya silinda moja. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Oili inayobadilishwa kwa wakati, kichujio kinachosafishwa kila wiki na vali zinazopimwa kabla hazijalia ndizo njia ya bei nafuu zaidi ya kuahirisha siku ya kuifungua injini.